Mshahara wa mlinzi hautoshi nyumba: nianze na biashara gani?

Swali: Msomaji wa Kihonda, Morogoro, ameandika kwamba ana umri wa miaka 34 na ni mlinzi wa usiku katika kampuni ndogo. Anaingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki, kwa mshahara wa shilingi 190,000 kwa mwezi. Ana mke na watoto 3, wamepanga vyumba viwili, na katika kibubu mna shilingi 85,000. Mkewe alijifunza ushonaji kwa fundi kwa miaka miwili kabla ya kuolewa, lakini hana cherehani, na sasa anafikiria kukaanga maandazi. Rafiki mmoja anamshauri msomaji wetu achukue bodaboda ya mkataba aiendeshe mchana, mwingine anamwalika kwenye kundi la WhatsApp ambako fedha huongezeka kila wiki, na jirani yake anafuga kuku. Anauliza ni lipi kati ya hayo lenye tija kwa mtu wa kipato chake.

Jibu: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye saa zako za kazi. Kabla hatujazungumzia biashara yoyote, naomba tuhesabu kwanza kazi ambayo tayari umeifanya, kwa sababu inawezekana sehemu kubwa ya kipato cha ziada unachokitafuta imo ndani ya jasho ambalo hujalipwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi hapo ni saa za ziada, zinapaswa kulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na hazitakiwi kuvuka saa 50 katika kila kipindi cha wiki 4. Wewe unakaa lindoni saa 12 kwa siku 6. Hata tukikubali kwamba kila usiku unapata saa moja kamili ya mapumziko, ambayo haihesabiwi kuwa kazi, bado zinabaki saa 66 kwa wiki, yaani saa 21 za ziada. Thamani ya saa yako moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa saa 195, ambazo ndizo saa za kawaida za mwezi mzima, na jibu ni takribani shilingi 974. Ukizidisha kwa moja na nusu unapata shilingi 1,461. Saa 21 kwa wiki kwa kiwango hicho ni zaidi ya shilingi 30,000, na kwa mwezi zinakaribia shilingi 133,000. Juu ya hapo kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ambayo kwako inafika shilingi 11,000 na ushee kwa mwezi. Hakuna biashara ya mtaji wa shilingi 85,000 ambayo ningethubutu kukuahidi kwamba itakuletea kiasi hicho katika mwezi wake wa kwanza.

Sikuambii uende kesho asubuhi kugombana na mwajiri, maana najua jinsi mlinzi anavyoweza kuambiwa arudishe sare siku hiyohiyo. Kwanza tafuta nakala ya mkataba wako na hati ya malipo ya mwezi, uangalie kama saa za ziada zimeandikwa na kwa kiwango gani. Kama mwajiri atakuambia kwamba mlikubaliana kwa maandishi kufanya zamu ndefu bila malipo ya ziada, ujue kwamba sheria inayatambua makubaliano ya aina hiyo, ila hayaruhusu zaidi ya siku 5 za kazi kwa wiki, wala zaidi ya saa 45 za kawaida. Nunua daftari dogo, andika saa ya kuingia na ya kutoka kila siku, na mkabidhiane na mwenzako wa zamu kwa sahihi. Kisha zungumza na walinzi wenzako, kwa kuwa ombi la watu wanane linaloletwa kwa adabu lina uzito ambao ombi la mtu mmoja halina. Ofisi ya kazi ya mkoa itakuambia bure kima cha chini cha sasa kwa walinzi, na inafaa kuuliza, kwa sababu viwango hutangazwa upya kila baada ya miaka kadhaa na vya kampuni kubwa za kimataifa havilingani na vya kampuni ndogo. Mazungumzo yakishindikana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai kama haya hupelekwa huko ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee, kwa hiyo usikae mwaka mzima ukitafakari. Pita pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uangalie kama michango yako inaingia, kwani fedha hiyo nayo ni yako.

Sasa nije kwenye biashara. Watu wengi huanza kwa kuuliza ni biashara ipi yenye faida kubwa, na kwa mwenye mshahara mkubwa swali hilo halina ubaya. Kwa mwenye shilingi 85,000 na watoto watatu, mimi huuliza maswali mawili kabla ya hilo: fedha ikitoka leo itarudi mkononi baada ya siku ngapi, na ikipotea yote, nyumba itakula nini wiki hiyo? Andazi hurudisha fedha siku ileile. Mchicha uliopandwa vizuri huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Kuku wa kienyeji aliyeanguliwa leo hufika sokoni baada ya miezi mitano au sita, na pikipiki ya mkataba hukaa zaidi ya mwaka kabla haijawa mali yako. Mtaji mdogo unaozunguka kila siku humpa mtu nafasi ya kukosea mara kumi na kujirekebisha mara kumi, ilhali mtaji huohuo ukifungwa miezi sita, kosa moja tu linaweza kuumaliza.

Kwa vipimo hivyo, bodaboda naikataa. Umeandika kwamba hesabu ya tajiri, yaani mwenye pikipiki, ni shilingi 10,000 kila siku kwa miezi 14, bila kujali kama umeumwa au mvua imenyesha, na kwamba pikipiki hiyo dukani inauzwa shilingi 2,900,000. Kwa siku 420 utakuwa umempa shilingi 4,200,000, mbali na mafuta, oili, tairi, faini, leseni yako ya udereva na leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Ukikwama mwezi wa kumi, mara nyingi chombo hurudi kwa mwenyewe na ulicholipa hakirudi. Hata kama masharti yangekuwa nafuu, ningekataa vilevile kwa sababu ya usingizi. Mtu aliyekesha saa 12 lindoni hawezi kubeba abiria asubuhi barabara ya Dodoma yenye malori bila kuhatarisha roho yake na ya abiria. Familia yako inategemea mwili wako kuliko kitu kingine chochote, na mwili huo unadai saa zako saba za kulala mchana kabla ya kazi nyingine yoyote.

Kuhusu kundi la WhatsApp, nakuomba utoke leo. Fedha inayolipwa kwa kutumia kiingilio cha wanaokuja nyuma ni upatu haramu, hata kama umevalishwa jina la kampuni ya kigeni, sarafu za mtandaoni au ufugaji. Wengi bado wanaikumbuka DECI, upatu ambako watu walielekezwa "kupanda mbegu" ili wavune, hadi serikali ilipoingilia mwaka 2009 na maelfu wakabaki na karatasi. Alama za upatu hazijabadilika tangu wakati huo: faida isiyobadilika kila wiki, msisitizo wa kuleta watu wawili au watatu, na malipo ya mwanzo yanayotoka haraka ili uwe shahidi kwa ndugu zako. Tafadhali usichanganye hilo na mchezo wa kupeana wa majirani, ambako watu kumi wanaofahamiana huchanga kila wiki na kila mmoja anajua zamu yake. Mchezo ule hauzalishi faida, ni njia ya kuweka akiba tu, na kwa kazi hiyo unafaa sana.

Kuku ni mradi mzuri, lakini si wa kwanza. Mtetea huatamia siku 21, kisha inabaki miezi ya kulisha kabla hujauza. Kinachowarudisha nyuma wafugaji wa mtaani ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huo ukipita kwenye banda lisilochanjwa, unaweza kuondoka na karibu kuku wote ndani ya wiki. Nimewaona akina mama wakilia mbele ya banda tupu, na chanjo ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu ingeliokoa. Chupa moja ya chanjo huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, ndiyo maana majirani hununua pamoja na kuchanja siku moja. Jirani yako anayefuga akikupangia siku hiyo, na mwenye nyumba akiridhia, nunua mitetea mitatu na jogoo mmoja mwakani, kwa faida ya biashara nyingine. Usiwanunue kwa fedha iliyomo kwenye kibubu sasa.

Maandazi yanahitaji hesabu ya kina zaidi, kwa sababu ndiyo biashara ambayo kila mtu huishauri na wachache huihesabu. Tuchukue mfano wa kilo 2 za unga, nawe uweke bei za duka la mtaani kwenu. Unga shilingi 3,600, sukari ya 900, mafuta nusu lita 2,500, hamira na iliki 400, mkaa 1,500. Jumla ni shilingi 8,900. Unga huo ukitoa maandazi 50 ya shilingi 200, mauzo ni shilingi 10,000 na faida ni shilingi 1,100 kwa kazi iliyoanza saa 10 alfajiri. Maandazi matano tu yakilala au yakiliwa na watoto, shilingi 1,000 imekwenda na umebaki na shilingi 100. Wako wanaofanya biashara hii miaka miwili wakiamini wanapata faida, kumbe wanachokishika jioni ni mtaji wa kesho, na siku mtoto akiumwa mtaji unakwenda hospitali na biashara inakufa.

Hii haina maana kwamba maandazi hayafai. Anayefaidika ni yule ambaye moto uleule unapika chai na uji pembeni, kwani kikombe cha chai ya rangi hugharimu kidogo sana ukilinganisha na bei yake, na mteja aliyekaa kunywa chai hula maandazi mawili. Anafaidika pia anayepata oda ya kudumu, kwa mfano kibanda cha mafundi ujenzi au mwenye duka anayechukua 30 kila asubuhi na kulipa jioni. Ikiwa mkeo ataanza, aanze na kilo moja kwa wiki mbili, aandike kila shilingi, na asiongeze unga mpaka daftari lionyeshe faida siku kumi mfululizo.

Ila mimi nisingeanzia hapo. Ndani ya nyumba yako mna ujuzi uliochukua miaka miwili kujifunza, na umeutaja katika sentensi moja tu, kana kwamba kukosa cherehani kumeufuta. Ushonaji una sifa ambayo biashara nyingi za watu wa kipato cha chini hazina: mteja ndiye anayeleta mtaji. Analeta kitambaa chake, anatoa advansi, na fundi hutoa mkono, uzi na muda. Nguo ikichelewa kuchukuliwa, haiozi kama nyanya.

Nasisitiza aanze na marekebisho kabla ya gauni na suti. Mtaa unaovaa mitumba una suruali ndefu mno, sketi pana, zipu zilizokufa na mashati ya shule yaliyochanika kwapani, na mafundi wenye majina hawapendi kazi hizo kwa kuwa zinawakatiza oda kubwa. Mkeo aende kwa fundi mmoja mwenye cherehani mbili barazani, maana wengi wana moja inayokaa bure siku nyingi, na aombe kuitumia kwa kodi ya siku au kwa kugawana mapato. Tuseme anapata kazi tano kwa siku za wastani wa shilingi 1,000, analipa shilingi 1,500 ya cherehani na 300 ya uzi na sindano. Anabaki na shilingi 3,200, na kwa siku 24 ni shilingi 76,800. Mwezi wa kwanza hatafika huko, kwa sababu wateja huja kwa kuambiana, lakini hasara yake ya juu kabisa kwa siku ni hiyo shilingi 1,800, na kibubu chenu kinaweza kuihimili. Awe na utaratibu wa kumwambia mteja siku ya kweli ya kuchukua nguo na kuitimiza, kwa kuwa sifa mbaya ya mafundi wetu ni ahadi, na fundi anayetimiza siku aliyotaja hupata wateja wa wenzake bila kuwasema vibaya.

Yako mambo mawili yatakayojaribu kuubomoa mradi huo. La kwanza ni kukopesha. Jirani atasema atalipa mwisho wa mwezi, na kumkatalia ni vigumu. Mkeo aweke sharti moja kwa wote tangu siku ya kwanza, kwamba nguo hutoka fedha ikiingia, na asiwe na wa kumbagua, hata shemeji. La pili ni wewe, uniwie radhi kwa kusema hivyo. Katika nyumba nyingi mume akiona mke ameanza kushika fedha, hupunguza ya matumizi anayoacha mezani, na mtaji wa mke hugeuka kuwa unga na mboga. Kaeni mkubaliane kiasi gani cha mapato yake kitaingia nyumbani na kiasi gani hakiguswi, na wewe uendelee kuacha kile ulichokuwa ukiacha. Mchango wako mwingine uwe kazi ndogo zisizokuibia usingizi: kufuata uzi na zipu Soko Kuu la Chifu Kingalu siku yako ya mapumziko, kupeleka nguo zilizokamilika kwa wateja, na kuwaeleza walinzi wenzako kwamba mkeo hurekebisha sare.

Kodi isiwatishe kwa sasa. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 hatozwi kodi ya mapato, na namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) bila malipo. Halmashauri inaweza kuwa na ushuru wake wa eneo, kwa hiyo amuulize fundi atakayempokea jinsi wanavyolipa pale barazani.

Katika mikopo, nakutahadharisha kwa nguvu zangu zote dhidi ya ile inayoitwa kausha damu. Anayekupa shilingi 100,000 ili urudishe 130,000 baada ya mwezi anakutoza asilimia 30, wakati Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi zinazokopesha bila kupokea amana. Hakuna andazi wala zipu inayoweza kulipa asilimia 30. Anayetaka uache kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana amekwishautwaa mshahara wako kabla hujaupokea. Kama ulishawahi kuingia huko, anza kwa kumaliza deni hilo hata kabla ya biashara, kwa kuwa kila shilingi unayolipa mapema inakuokolea zaidi ya faida ambayo ungeipata popote.

Mkopo unaofaa kuutazamia ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba, ingawa ulisitishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa, na unatolewa kwa vikundi vyenye shughuli inayoonekana. Mkeo akishafanya kazi miezi michache na kuwapata wanawake wenzake wanne wanaoshona, aonane na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wasiunde kikundi kwa ajili ya mkopo tu, kwani vikundi vya namna hiyo huvunjika siku fedha inapogawanywa, na deni humwangukia aliyebaki mtaani.

Wakati huohuo ajiunge na kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha watu anaowafahamu, chenye katiba iliyoandikwa, kilichosajiliwa halmashauri, na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Anunue hisa ndogo kila wiki, hata ya shilingi 2,000 au 3,000, kutoka kwenye kile kiasi mlichokubaliana kwamba hakiguswi. Katika shilingi 85,000 mlizonazo, msitoe zaidi ya 25,000 kwa kuanzia: kodi ya cherehani ya wiki ya kwanza, mkasi, tepu, uzi wa rangi kuu na zipu chache. Zilizobaki zikae, maana nyumba yenye watoto watatu haiwezi kubaki bila akiba ya dawa. Vikoba vingi huvunjwa, yaani wanachama hugawana akiba yao, mwishoni mwa mwaka, na shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo mkeo aulize mapema kikoba chake kitavunjwa tarehe gani. Kikivunjwa mwanzoni mwa Desemba, aende sokoni wiki hiyohiyo na fundi anayemwamini wakakague cherehani ya miguu iliyotumika, waijaribu kwa kitambaa kizito, ili iwe imefika nyumbani kabla wazazi hawajaanza kutafuta mtu wa kushona sare.